Kabla ya kuziba joto la bati, angalia mkono wa fundi

Saa nane usiku, Kasingirima. Umeme upo, feni inazunguka, lakini inazungusha hewa ileile ya moto. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka mitatu, amekisukuma chandarua kwa miguu mara ya tatu. Mama yake anakichomeka tena chini ya godoro. Mtoto anakichomoa. "Moto, mama," anasema huku macho kayafumba.

Ilikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kinaelekea ukingoni na mvua hazijaanza. Anayeijua Ujiji anaujua msimu huo. Mchana upepo wa ziwa unasaidia kidogo ukikaa barazani au chini ya mwembe. Usiku nje kunapoa, ndani hakupoi. Nilisimama kitandani nikanyoosha kiganja kuelekea siling bodi, nikahisi joto kama la sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu.

Watu wengi wakisikia habari ya kuweka kitu darini ili kuzuia joto hudhani ni anasa ya wenye nyumba kubwa. Usiku ule niliona vingine. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na chandarua kinamlinda mtoto akiwa ndani yake tu. Chumba kikiwa tanuri, mtoto atakikimbia chandarua hata kama ni kipya. Joto la paa lilikuwa limeshaingia kwenye afya ya nyumba ile.

Kwa nini bati linachoma

Nyumba za zamani za Ujiji zilikuwa na kuta nene za udongo na paa la nyasi. Nyasi zilizofungwa vizuri zinashika hewa nyingi katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa haraka. Ndiyo maana wazee husema nyumba ya nyasi ilikuwa baridi mchana na vuguvugu usiku. Ubaya wake tunaujua: moto, wadudu, na kuezeka upya kila baada ya miaka michache.

Bati lilituondolea shida hizo likatuletea hii nyingine. Ni chuma chembamba, na jua la mchana laweza kulifikisha nyuzi joto 60 au zaidi. Bati lililopata moto linarusha joto kuelekea chini, kama mkaa unavyokuchoma uso hata kama hujaugusa. Joto hilo linaipiga siling bodi, siling bodi nayo inapata moto na kukurushia wewe uliyelala. Siling bodi peke yake hupunguza makali, haimalizi kazi, kwa sababu ni nyembamba.

Hivyo kinachotakiwa ni kitu kati ya bati na siling bodi. Kuna vitu vya aina mbili. Aina ya kwanza ni vinene na vyepesi, vinavyoshika hewa kama zile nyasi. Aina ya pili ni vinavyong'aa, ambavyo hulirudisha joto lilikotoka na pia havirushi joto kwa urahisi kwenda upande wa pili. Maduka ya vifaa vya ujenzi yana vyote viwili, kwa bei na sifa tofauti. Lakini kuna swali ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii dukani, nasi hatukulifikiria: huyo atakayekipandisha juu ataweza kukishika?

Nusu saa darini

Shemeji yangu alipata kwa bei nafuu bunda la sufi ya kioo, ambayo mafundi huiita faibaglasi, iliyobaki kwenye kazi ya jengo fulani mjini. Ni nzuri kwa kuzuia joto, tuliambiwa, na ni kweli. Akaitwa kijana wa mtaani, hodari wa kupiga siling bodi. Alipanda saa saba mchana, kifua wazi, kwa sababu nani atavaa shati kwenye joto lile?

Nusu saa baadaye alishuka akijikuna shingo, mikono na tumbo, macho mekundu.

"Mama, hii kitu inawasha," alimwambia dada yangu. "Juu ya sebule nimeweka. Kule chumbani nimetupiatupia tu, sikuweza kukaa."

"Pole mwanangu," dada akamjibu. "Si ungeshuka mapema?"

Kijana alikuwa mkweli, na ukweli wake una somo lote. Kazi ilifanyika pale alipoweza kuvumilia, na pale aliposhindwa ikaharibika. Chumba cha mtoto, ambacho ndicho kilichotutia gharama, kilipata vipande vilivyotupwa ovyo na mianya katikati. Mahali penye mwanya joto linashuka kama kawaida. Baya zaidi, dari ya chumba kile ina nafasi kati ya bodi na bodi, na siku mbili baadaye mtoto akaanza kujikuna naye, kwa vumbi lililokuwa likidondoka kitandani.

Kwa hiyo uzuri wa kitu cha darini usiupime kwa maelezo ya dukani tu. Kitu kinachomtesa fundi kitawekwa vibaya na kwa haraka, na kitu kilichowekwa vibaya hakizuii joto hata kiwe bora namna gani. Mkono wa fundi ukistarehe, kazi inatulia.

Vipo vipi, na vinashikikaje

Sufi ya kioo na sufi ya mawe. Hizi ni nyuzi laini sana zilizotengenezwa kwa kuyeyusha kioo au mawe. Hazishiki moto kwa urahisi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini nyuzi zake hukatika na kuchomachoma ngozi, macho na koo. Wengi huuliza kama zinaleta saratani. Mwaka 2001 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani walipitia upya ushahidi, wakaiweka sufi ya kioo ya majengo katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuvihukumu. Muwasho wake, hata hivyo, hauna ubishi. Ukiamua kuitumia, tafuta ile iliyofungwa ndani ya nailoni au karatasi pande zote, na usiiweke juu ya dari yenye mianya.

Nyuzi za poliesta. Ni jamaa ya zile zinazojazwa kwenye mito, na nyingine hutengenezwa kwa chupa za plastiki zilizorudishwa kiwandani. Haziwashi, hazina vumbi, hata mtoto akizigusa hapati madhara. Ubaya wake ni kwamba zikikutana na moto mkali zinayeyuka, kwa hiyo zikae mbali na dari ya jiko na bomba la moshi. Kwa mtu anayetaka kitu laini cha kuweka juu ya chumba cha kulala, ni chaguo zuri zikipatikana.

Thamokoli. Ni yale maboksi meupe mepesi kama ya kubebea samaki. Mtu mmoja anaweza kubeba mabamba kumi bila kutoka jasho, na hukatwa kwa kisu. Lakini linawaka, na moshi wake ni sumu. Lisiachwe wazi ndani ya chumba, wala lisikaribie nyaya zinazopata moto.

Karatasi ya foili. Ipo ya kawaida, na ipo yenye mapovu ya hewa katikati, inayong'aa upande mmoja au pande zote mbili. Ni nyepesi, haina vumbi, inakatwa kwa mkasi. Kwa paa letu la bati inafaa sana, kwa sababu adui yetu mkubwa ni lile joto linalorushwa kutoka juu. Ina sharti moja ambalo mafundi wengi hulisahau: upande unaong'aa lazima uwe na nafasi ya hewa mbele yake, walau sentimita 2 au 3. Ukiibana foili kati ya bati na mbao bila nafasi, umefunga mapambo. Kama inang'aa upande mmoja tu, upande huo uelekee chini, kwa sababu unaoelekea juu hujaa vumbi na vumbi huua mng'ao.

Sufi ya msufi na pumba za mpunga. Hivi ni vya bure au karibu na bure, na vinashika hewa vizuri. Sufi ya msufi ni laini kuliko vyote nilivyotaja, lakini inashika moto kwa cheche moja, na panya huipenda kwa kulala. Pumba haziwaki kirahisi, ila zina vumbi linalokera mapafu, na zikilowa kwa bati linalovuja zinaoza na kuilemea dari. Mimi nisingeviweka juu ya kitanda cha mtoto.

Kwa sisi wa Kigoma kuna hesabu nyingine. Bidhaa nyingi za namna hii hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kitu kinene na chepesi kinajaza nafasi kubwa kwenye lori au behewa, na nafasi ndiyo unayolipia. Mviringo wa foili wa kutosha chumba kizima unabebwa begani.

Laini mkononi si salama kila mara

Baada ya kusema hayo, nisikuache ukidhani kwamba kitu kisichowasha hakina hatari. Australia ililipa gharama kubwa kujifunza hilo. Mwaka 2009 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kulipia kazi ya kuweka vizuia joto kwenye mapaa ya nyumba za watu. Makampuni yalichipuka, vijana wakaajiriwa bila mafunzo ya kutosha, kazi ikaenda mbio. Kufikia Februari 2010, mpango uliposimamishwa, vijana wanne walikuwa wamekufa wakiwa kazini. Watatu walipigwa na umeme, wawili kati yao wakiwa wanaweka foili. Wa nne aliuawa na joto la darini.

Foili ni metali, na metali inapitisha umeme. Pini ya chuma ikitoboa waya uliojificha nyuma ya ubao, karatasi nzima inageuka waya. Kijana aliyelala juu yake hana pa kukimbilia. Hivyo kabla mtu hajapanda, zima umeme kwenye swichi kubwa ya nyumba, wala usitosheke na swichi ya taa. Mwambie kila aliye nyumbani asiiguse. Usifunge foili kwa pini za mashine wala misumari karibu na nyaya. Ining'inize kwa kamba ya nailoni au ibandike kwa gundi yake. Na kama nyaya zako ni za zamani, zimechubuka au zimeungwaungwa, mwite kwanza fundi umeme.

Yule wa nne naye tumkumbuke. Kijana wetu wa Kasingirima alipanda saa saba mchana. Saa hiyo darini si mahali pa binadamu kufanya kazi. Panda saa kumi na mbili asubuhi, ushuke saa tatu. Kilichobaki ni cha kesho.

Kabla ya kupanda, angalia kilichopo

Yapo mambo mawili ambayo yanaweza kuwa yanakungoja darini, na hayasubiri ununue chochote.

La kwanza ni popo. Ujiji hatuna haja ya kuelezana habari zao. Kinyesi chao kikavu kikifagiliwa hutoa vumbi linaloweza kubeba vimelea vya fangasi vinavyoshambulia mapafu. Usikifagie kikiwa kikavu. Kinyunyizie maji hadi kilowe, vaa barakoa, kikusanye kwa koleo na ukifunge kwenye mfuko. Ziba njia zao jioni wakishatoka, na uhakikishe hawajaacha watoto ndani.

La pili ni asbestosi. Baadhi ya majengo ya zamani, hasa ya umma, yaliezekwa kwa mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi yanayofanana na saruji. Asbestosi ni nyuzi pia, lakini isichanganywe na sufi ya kioo. Aina zote za asbestosi zinasababisha saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza miaka mingi baada ya kuvuta vumbi lake. Ukiwa na paa au dari unayoishuku, usiitoboe, usiisugue, usiivunje, usiifagie. Iache ilivyo na uwaone maofisa wa afya au mazingira wa halmashauri.

Namna ya kuchagua na kuweka

Ukifika dukani, omba kipande kidogo. Kibonyeze mara kadhaa juu ya karatasi nyeusi. Kikiacha vumbi au vinyuzi vinavyong'aa, jua kwamba ndivyo vitakavyokuwa kwenye shingo ya fundi. Kinuse, chenye harufu kali dukani kitanuka zaidi chini ya bati la moto. Uliza kama kinashika moto na usome kilichoandikwa kwenye bunda.

Kisha pima mlango mdogo wa kupandia darini. Watu wamenunua mviringo wa upana wa mita 1.2 wakakuta mlango wa sentimita 50, ikabidi waukate sebuleni na kutapakaza vumbi nyumba nzima. Pima pia nafasi kati ya mbao na mbao, ili ukate vipande nje, kwenye hewa, kabla ya kupandisha.

Anayepanda avae shati la mikono mirefu lililofungwa kooni, suruali, glavu, miwani ya kinga na barakoa nzito ya vumbi. Kitambaa cha kitenge mdomoni hakizuii nyuzi. Akanyage mbao tu, asikanyage siling bodi, na atandike ubao mpana wa kupigia goti. Awepo mtu chini anayemwita kila baada ya dakika chache, na maji ya kunywa. Kitu kinene kisishindiliwe, kwani ukikikandamiza umefukuza hewa, na hewa ndiyo uliyoinunua. Kisifunike taa zilizozama kwenye dari.

Akishuka, kama alishika sufi ya kioo, asijikune wala asijisugue. Ajimwagie maji baridi kwanza nyuzi ziondoke, ndipo atumie sabuni. Nguo zake zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto.

Mwisho, hewa ya darini itafutiwe njia ya kutoka. Acha matundu kwenye pembe za juu za kuta mbili zinazotazamana, uyazibe kwa wavu mdogo ili popo na mbu wasipite. Wavu huo una kazi zaidi ya unavyodhani. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionesha kwamba nyumba zilizowekewa dari ya wavu, au wavu milangoni na madirishani huku mianya ya paa ikizibwa, ziliingiwa na mbu wachache zaidi, na watoto wake hawakupata upungufu wa damu kama wale wa nyumba zisizo na wavu.

Chumba cha mtoto

Dada yangu aliondoa ile sufi ya kioo chumbani. Kijana yuleyule ndiye aliyeiondoa, safari hii alfajiri, akiwa amevaa kama mfuga nyuki na umeme umezimwa. Aliikunja taratibu ndani ya mifuko bila kuipiga. Ile ya sebuleni ilibaki, kwa sababu dari ya kule haina mwanya na kazi yake ilikuwa nzuri.

Juu ya chumba cha mtoto wakaning'iniza foili yenye mapovu, kwa kamba ya nailoni, ikiwa imeacha nafasi chini ya bati. Mianya ya siling bodi ikazibwa. Ikawachukua asubuhi mbili. Siku ya pili kijana alishuka anatabasamu, akaomba chai.

"Hii hata nyumbani kwa mama yangu naiweka," alisema.

Chumba hakikuwa baridi kama cha hoteli, na sitakudanganya kwamba kilikuwa hivyo. Mchana bado utajua kwamba uko Ujiji. Lakini nilipolala pale tena mwezi wa kumi, niliamka saa tisa usiku kwa mazoea, nikamulika kwa simu. Mtoto alikuwa kalala ubavu, ndani ya chandarua, na ncha zake bado zilikuwa zimechomekwa chini ya godoro kama mama yake alivyoziacha.